Mndimu wa Nusu Pipa

Jumatatu, 16 Juni
Viwavi tena. Vitatu kwenye mchenza, kimoja kwenye mlimau. Vile vinavyojifanya kinyesi cha ndege ili nisiviguse. Nimevigusa. Mndimu mzima, kama kawaida yake, mtoto asiyesumbua mama. Nimeupa maji niliyooshea mchele. Mingine, maji ya bomba. Ndiyo, ninapendelea.

Bi Sharifa, mwenye nyumba wangu, amechungulia dirishani kuuliza kama miti nayo huwa naiamkia shikamoo. Nimemwambia naanza na yeye kwanza.

Jumatano, 18 Juni
Uhamisho umetoka. Njinjo, huko bara ya Kilwa. Niwe nimefika kabla shule hazijafunguliwa.

Nilijua. Mwalimu ni mtu wa kuhamishwa, ndiyo maana hata miti yangu imo vyomboni: miwili kwenye ndoo za rangi, mndimu kwenye pipa la chuma lililokatwa nusu. Na hata ningetaka kuipanda chini, Bi Sharifa alishanikataza siku nahamia hapa Mitwero, kabla hata ya kunionyesha choo. Mpangaji hapandi mti wa kudumu. Simlaumu. Huku kwetu kiwanja chaweza kuwa chako na mnazi ukawa wa mtu mwingine, na huyo mwenye mnazi ana haki ya kuingia uani kwako maisha yake yote.

Sijamwambia kuhusu Njinjo. Woga wa kitoto.

Alhamisi, 19 Juni
Nimemwambia. Kasema, "Kheri, inshallah," akaingia ndani kukuna nazi. Amekuna nazi nyingi mno kwa mtu anayeishi peke yake.

Nimeumia. Nilitaka alie kidogo.

Jumapili, 22 Juni
Nimepata gari dogo la mizigo, kirikuu, kwa Jumamosi. Nikaanza kusogeza miti karibu na geti. Ndoo zikaja. Pipa halikuja. Nimesukuma kwa bega, nimesukuma kwa mgongo, wapi. Nikachimbua pembeni kwa kisu. Pipa halina kitako. Kutu imekila chote, na mizizi imeshuka kwenye ardhi ya Bi Sharifa, mmoja mnene kama kifundo cha mkono wangu.

Sikuupanda! Lakini nani ataniamini? Mti wangu umesimama kwenye kiwanja chake, kitu kile kile alichonikataza. Nimerudishia mchanga haraka haraka kama paka.

Kinachoniuma zaidi, mti wenyewe ni wa kwake nusu. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilishikwa na malaria, akanipikia uji na kuukamulia ndimu. Mbegu ilikuwa imebaki chini ya kikombe. Nikaiotesha.

Jumatatu, 23 Juni
Nimemuuliza bwana shamba. Ukikata mzizi ule, mti utakufa, tena ukiwa umebeba ndimu hivyo. Basi ama niue mti, ama niungame. Nimekasirika siku nzima. Nimelikasirikia hata pipa.

Alhamisi, 26 Juni
Leo nimenoa panga. Nikafika mpaka pale, nikainama. Nimeshindwa.

Nikaenda kwake mikono mitupu. Nikamwaga yote kwa mkupuo: shikamoo mama, pipa limeoza, mizizi imeingia chini, sikukusudia, nisamehe. Akaniangalia weee. Akaanza na marahaba. Kisha: "Mwalimu, ulidhani mti unanenepa vile kwa maji ya mchele?"

Anajua tangu mwaka juzi. Alikuwa akifagia uani, akaona mzizi umetokeza chini ya pipa. Akausukumia mchanga kwa mguu wake mwenyewe, akanyamaza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia niung'oe.

"Nilisema, labda utakushika na wewe."

Amelia. Si kidogo. Nimefurahi, Mungu anisamehe, nami nikalia.

Jumamosi, 28 Juni
Asubuhi Bi Sharifa kamwita fundi bati wa jirani. Wamelichana pipa kipande kwa kipande mpaka mti ukabaki na udongo wake tu, kama mtu aliyevuliwa kanzu mbele za watu. Mwenyewe akashika jembe kuurundikia udongo, na kiuno chake kile kibovu. Nilipotaka kumpokea alinifukuza nikafunge mizigo.

Dereva amepiga honi mara nyingi. Nimeondoka na ndoo mbili.

Jumapili, 20 Julai. Njinjo
Mchenza uliangusha majani kwa sababu ya safari. Sasa unachipua. Mlimau bado umenuna. Maji ya hapa ni ya kisima, napanga foleni na wanafunzi wangu wenyewe. Sijapata wa kutaniana naye.

Bi Sharifa kapiga simu. Amenunua samaki, changu wawili, na ndani hana ndimu. Miaka yote alikuwa akichuma kwenye pipa langu bila kuuliza, tena zile kubwa kubwa. Leo ameuliza.

"Mti ni wako, mwalimu. Nichume?"

Nimemwambia achume.