Orodha ya Watu Watano

Mbumbuni,
12 Mei 2025

Mwanangu Kaloki,

Habari ya Kigali, na Wavinya na watoto? Mimi niko. Magoti yananisumbua asubuhi, lakini yakishapata jua yanakubali kutembea. Mvua ilinyesha wiki mbili ikakatika. Mahindi yamekauka, tunategemea mbaazi.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu tunagombana, na barua hainikatizi. Naiandika kwa daftari kwanza, halafu naichapa hapa kwa WhatsApp, kwa hivyo usinijibu na kidole gumba. Jibu kama mtu.

Pasipoti yangu imetoka. Nilienda Nairobi mara mbili kwa ajili yake, na sindano ya homa ya manjano nimeshachomwa. Kwa hivyo ile ahadi ya Krismasi, kwamba utanipeleka Zambia kwa ndege kwa hizo pointi zako nilione kaburi la ndugu yako Mulinge, mimi kwa upande wangu niko tayari.

Na kuna haraka. Kitonga, yule rafiki yake aliyemzika, alinipigia. Kazi yake Lusaka inaisha, anarudi kwao Kitui tarehe 13 Septemba. Anasema vibao vya namba vimeng'olewa na wauza vyuma, na kaburi la Mulinge analijua kwa kuhesabu safu kutoka ukutani. Yeye akiondoka, hakuna mwingine anayejua. Miaka minne nimengoja, Kaloki. Sitaki kwenda kulia juu ya mtoto wa mtu mwingine.

Mamako.


Kigali,
15 Mei 2025

Mama mpendwa,

Pole na magoti. Huku sote wazima, mdogo ameng'oka jino la mbele na anakusalimia kwa mbinja.

Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nikisafiri kurekebisha mashine za maabara, shirika la ndege linaniandikia pointi kwa kila safari. Sasa nina elfu sitini na nne. Tiketi mbili za Nairobi hadi Lusaka, kwenda na kurudi, ni elfu hamsini na sita. Nitalipa ushuru tu. Pointi zenyewe zinakufa tarehe 30 Septemba nisipozitumia, kwa hivyo hata zenyewe zina haraka kama wewe.

Nipe wiki moja. Mimi na wewe, tuende pamoja.

Mwanao,
Kaloki.


Kigali,
9 Juni 2025

Mama,

Natumai magoti yametulia. Huku tuko salama, ila mimi kichwa kinaniuma kwa sababu ya hawa watu.

Kumbe si kila kiti kinauzwa kwa pointi. Kila ndege wanatenga viti vichache sana, vinne au viwili, na hawasemi wanavitoa lini. Wiki iliyopita nilivipata. Nikachagua tarehe, nikabonyeza kuendelea, kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, halafu: "Samahani, kiti hiki hakipo tena." Nikapiga simu. Nikachezewa muziki dakika hamsini na mbili. Dada aliposhika akaniambia, "Endelea kujaribu, mwanachama wetu mpendwa." Nikamuuliza, "Nijaribu mpaka lini?" Akasema, "Mpaka viti vitokee." Nikamwambia mamangu ana kaburi la kuona. Akaniwekea ule muziki tena.

Naendelea kujaribu.

Mwanao,
Kaloki.


Mbumbuni,
25 Juni 2025

Kaloki,

Salamu kwenu. Mimi mzima, nashukuru.

Ndege inaenda Lusaka karibu kila siku, na kila siku imejaa? Nimefundisha miaka thelathini na tatu, kuna mwaka nilikuwa na watoto themanini darasa moja. Chumba kilichojaa nakijua. Na mtoto anayeniambia chumba kimejaa kwa sababu hataki kuingia, huyo pia namjua.

Pale kanisani wameniombea safari njema Jumapili mbili. Jumapili ya tatu mchungaji aliniuliza kama nimesharudi. Niambie ukweli niwaambie na wao.

Mamako.


Kigali,
3 Julai 2025

Mama,

Ukweli ni kwamba viti ni shida. Msimu wa watalii umeanza, ndio maana. Nimewaandikia barua pepe tatu. Wamejibu moja, wakanitakia siku njema.

Kuna dalili nzuri kwa Agosti. Waambie kanisani Agosti.

Kaloki.


Mbumbuni,
22 Julai 2025

Kaloki,

Nimekusalimu.

Jana nilishuka soko la Kikima kuuza mbaazi, nikakutana na mama mkwe wako. Ana sanduku jipya la magurudumu, analivuta katikati ya nyanya za watu. Akanikumbatia. Mama Wavinya hana ubaya, nataka ujue hivyo kabla sijaendelea.

Akaniambia, "Mama Kaloki, Mungu ametupa mkwe! Tumerudi kutoka Kigali juzi Ijumaa, mimi na mzee wangu, na ni mara ya pili."

Nikamuuliza, "Mlipata viti?"

"Tena vya dirishani. Zile pointi za Kaloki hazina kelele, ukiwa kwa orodha."

"Orodha gani?"

Akanitazama kama nimemtania. "Si ile ya watu watano? Shirika linataka kila mwenye pointi aandike watu wake watano, hao tu ndio anaweza kuwakatia tiketi. Kaloki alituandika zamani. Wavinya, watoto wawili, mimi na mzee." Halafu akahesabu kwa vidole, akafika kidole cha tano. Mkono wake ulibaki hewani hivyo. Akasema, "Labda wameongeza. Labda siku hizi ni sita." Akaninunulia mbaazi zote. Sikutaka, lakini alinunua.

Nilipanda mlima kurudi nyumbani na gunia tupu. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba hujui kudanganya, kwamba ni lazima kuna maelezo.

Nayangoja.

Wayua.


Kigali,
23 Julai 2025

Mama,

Sijui nikusalimu vipi.

Mama Wavinya amesema kweli, tiketi zao za Julai nilizikata Aprili. Orodha niliijaza Februari 2022. Wakati ule mimi na wewe tulikuwa hatuongei. Unakumbuka ulichoniambia baada ya Mulinge kufariki kwa Korona kule Lusaka, kwamba mimi kama kaka mkubwa nilitia sahihi azikwe ugenini bila kukuuliza, na kwamba nisikanyage uwanja wako. Sikukanyaga zaidi ya miaka mitatu. Basi siku ile kompyuta iliponiuliza watu wangu watano ni kina nani, nilikuwa na hasira. Ningeweza kuandika jina lako. Niliacha makusudi, Mama, sikusahau.

Krismasi ulipofungua mlango nilifurahi mpaka orodha ikatoka kichwani. Kule mwanzo viti vilikuwa shida kweli. Lakini tarehe 18 Juni vilipatikana viwili. Nikaandika jina lako, ikaandika: "Abiria huyu si mtu wako." Maneno hayo hayo. Nilikaa nikiyaangalia.

Kuongeza mtu ni lazima kwanza utoe mwingine, na yule mpya angoje siku sitini. Niliogopa kumwambia Wavinya ninamtoa babake. Nikangoja siku tano, nikifikiri watanihurumia nikiwapigia. Hawakunihurumia. Tarehe 23 Juni nikamtoa mzee, nikakuweka wewe. Siku sitini zinaisha 22 Agosti. Kitonga atakuwa bado yuko.

Ningekuambia mapema. Kila nilipoanza kuandika, niliona yale maneno ya kompyuta.

Nisamehe.

Mwanao,
Kaloki.


Kigali,
4 Agosti 2025

Mama, habari ya huko? Sijapata neno lako. Wavinya alikasirika siku mbili, si kwa sababu ya babake, ni kwa sababu yako. Anasema angekuweka yeye mwenyewe kama ningemwambia. Tafadhali andika hata mstari mmoja.

Kaloki.


Kigali,
22 Agosti 2025

Mama! Imekubali! Nimeamka na hii kitu mkononi. Viti viwili, Nairobi hadi Lusaka, Jumamosi tarehe 6 Septemba, tunarudi tarehe 10. Jina lako limeandikwa sawasawa na pasipoti. Wamekata pointi, wameleta tiketi, zipo hapa nazitazama. Nitakuja Nairobi kukupokea. Nijibu basi, simu yako inaniambia haipatikani.

Mwanao Kaloki.


Kigali,
24 Agosti 2025

Mama, nimempigia mchungaji, anasema nyumba yako imefungwa tangu Jumatatu na jirani anakamua ng'ombe. Nimempigia Mama Mdogo Muthoki kule Tseikuru, naye hapatikani. Uko wapi? Nimeanza kuogopa.

Kaloki.


Lusaka,
25 Agosti 2025

Mwanangu Kaloki,

Usiogope. Niko hai, na Muthoki yuko hai, ingawa anasema miguu yake imekufa ikaachwa Tanzania. Natumia intaneti ya simu ya Kitonga, yangu imekataa laini za huku. Meseji zako nimezisoma zote.

Tulikuja na basi. Barua yako ya Julai niliisoma mara nyingi, nikaona siwezi kukaa chini nikihesabu siku sitini ili kompyuta ikubali kwamba mimi ni mtu wako. Nilimwambia Muthoki nakwenda. Akauza mbuzi wawili, akatafuta pasipoti ya haraka, akashuka kutoka Tseikuru na kibuyu cha uji, akaniambia, "Ndege hata ungenipa bure nisingepanda. Twende." Siku nne. Pale Tunduma tulilala juu ya mizigo yetu. Afisa wa mpaka akamuuliza Muthoki anaenda Zambia kufanya nini, naye akamjibu kwa Kikamba, kwa sauti, mpaka yule kijana akagonga muhuri ili amwondoe.

Jana baada ya ibada Kitonga alitupeleka. Kutoka ukutani ni safu ya kumi na tisa, halafu unahesabu makaburi thelathini na moja. Hakuna kibao, kweli. Kumeota majani marefu ya manjano. Niling'oa yale majani yote kwa mikono, Muthoki upande ule na mimi upande huu. Tulipomaliza nilikaa hapo chini nikamwambia Mulinge habari za nyumbani, nani ameoa, nani amejenga. Nikamwambia na habari zako pia. Sikukufichia.

Halafu Kitonga akaniambia jambo. Alidhani ninalijua. Anasema siku ile wazikaji walikuwa wamevaa yale mavazi meupe na walitaka kumaliza haraka, kulikuwa na wengine wanangoja. Anasema wewe ulikuwa kwenye simu, yeye ameishika juu ya shimo, na ulikataa wafukie mpaka umwimbie ndugu yako wimbo wote, beti zote nne, kwa Kikamba. Kwenye ubeti wa tatu ulishindwa. Wakachukua majembe. Ukapiga kelele kwenye simu, "Ngojeni!" ukaanza tena kutoka mwanzo. Wakangoja. Hawakuelewa hata neno moja, anasema, lakini waliweka majembe chini.

Mbona hukuniambia, Kaloki? Miaka hii yote nilikuwa naona mwanangu akifukiwa kimya kimya kama kitu kilichoharibika. Ungeniambia tu hilo, nisingekufungia mlango hata siku moja. Au labda ningekufungia, lakini ningefungua haraka. Nimekukasirikia sana mwaka huu, na kwa lile jambo la orodha bado nimekasirika, sitakudanganya. Itachukua muda wake. Lakini nimeuchukia ule wimbo ulivyoimbwa bila mimi kujua, na papo hapo nimemshukuru Mungu kwamba uliimbwa.

Sasa sikiliza. Kitonga amewapigia watu wa ndege kwa niaba yangu, wamemwambia jina kwa tiketi ya pointi halibadilishwi na pointi hazirudi. Basi usihangaike nao tena. Panda ndege tarehe 6 kama ulivyopanga, kiti changu kiende kitupu. Kitonga ametupa chumba, mimi na Muthoki tutakungoja. Jumapili tutakupeleka kwa Mulinge mchana, na safari hii tutaimba watatu.

Beba sweta. Asubuhi kuna baridi huku.

Mamako.