Ndege ya Mjapani na Mistari Niliyoiruka

Baba,

Leo ni Jumapili, saa tisa alasiri, nimekaa kwenye kigoda chako hapa kibandani. Usinikasirikie. Najua hukupenda mtu akikalie. Hata Mama ulimwinua siku ile aliyokuja kuchambua sukumawiki akitafuta kivuli. Lakini tangu tukuzike Mwingi ni miezi mitano sasa, na mimi nimechoka kukizunguka.

Hapa Mowlem mambo ni yale yale. Jirani ameweka kuku nyuma ya ukuta wetu, jogoo lake halijui saa. Upepo ukitoka machinjioni Kiamaiko bado unatuletea harufu ya mbuzi hadi mezani. Mama bado anakutengea kikombe, kisha anakumbuka, anakirudisha kabatini. Mimi najifanya sijaona.

Nakuandikia kwa sababu ya karatasi ya Mama. Alienda kupimwa ule uvimbe wa shingoni, na majibu niliyachukua mimi Alhamisi, maana katika nyumba hii mimi ndiye msomaji wa karatasi za Kiingereza. Yako ndani ya mkoba wangu hadi sasa. Si majibu mazuri, Baba. Mama ameniuliza mara mbili, nikamwambia bado hayajatoka. Asubuhi hii Shangazi Syombua amenipigia kabla hata sijavaa viatu vya kanisa, akaniambia yale yale aliyosema juu yako: "Usimwambie. Presha itammaliza kabla ya huo ugonjwa." Sijui nifanye nini. Nakuuliza wewe, na wewe ndiye niliyekukosea kwa jambo hili hili.

Lakini acha nianze na ndege, kwa maana ndiyo tuliyozoea kuanza nayo.

Unakumbuka alivyokuja Mzee Gathogo wa Umoja, yule fundi wa ndege aliyestaafu, na picha aliyoikata gazetini? Ulikuwa umechonga twiga na vifaru miaka thelathini. Akakuambia anataka ndege ya Mjapani, ya jeshi la majini, ya wakati wa vita, ile waliyoiita Zero. Ulimwangalia kama mtu aliyebisha mlango usio wake. Halafu ukaichukua picha, ukaigeuza geuza, ukaniita kutoka jikoni: "Mwende, leta simu yako. Hebu niangalilie hii kitu ni nini."

Basi ikawa kila nikitoka kazini Viwandani, kabla sijavua koti, ni kusoma. Wewe unapiga msasa, mimi nasoma Kiingereza na kukupa Kiswahili. Nikakusomea kwamba wakubwa wa jeshi walitaka ndege inayoweza kuruka kutoka juu ya meli, ipande mita elfu tatu kwa dakika tatu na nusu, ipite kilomita mia tano kwa saa, na ikifungwa tangi la ziada tumboni ikae hewani saa sita hadi nane. Kwamba kampuni moja ilisoma masharti hayo ikajitoa, ikasema ndege ya namna hiyo haiwezekani. Waliobaki walikuwa na injini isiyofika hata nguvu za farasi elfu moja. Ukacheka. "Sasa hawa watu walitoa nguvu wapi?"

Nikakuambia hawakuongeza nguvu, walipunguza uzito. Walitumia aluminiamu ya mchanganyiko mpya, nyepesi na ngumu. Kila kiunzi cha ndani kilichoweza kutobolewa walikitoboa mashimo. Mbawa na kifua cha ndege wakavijenga kama kitu kimoja, ili wasibebe uzito wa maungio. Hapo uliweka patasi chini. "Mwende, hao ni wachongaji," ukasema. "Wanatoa tu. Hawaongezi."

Tangu siku hiyo ndege ile haikuwa ya Mzee Gathogo tena. Ilikuwa yako.

Na ulivyokuwa kichwa ngumu! Kwenu mchongaji hatumii gundi, kitu ni cha gogo moja au si kitu. Twiga anakubali hilo. Ndege haikubali, kwa sababu nyuzi za mti zikifuata kiwiliwili, mbawa hukatika kama biskuti. Ya kwanza ilikatika, ya pili ikakatika, zote mbili zikapikia maharagwe. Nilikuambia bandika tu, nani ataona? Ulinitazama mpaka nikarudi jikoni. Ukazunguka hadi Dandora kutafuta jakaranda iliyotoa matawi mawili yanayotazamana, ili nyuzi za mti zenyewe zigeuke kutoka kifuani ziingie kwenye mbawa. Wiki tatu ulitafuta tawi, Baba. Mama alisema umepata mke mwingine Dandora.

Mita kumi na mbili za mbawa zikawa sentimita hamsini kamili. Mita tisa za urefu zikawa thelathini na nane kasoro kidogo. Bunduki mbili puani, mizinga miwili mbawani. Ulitaka kujua kwa nini panga za mbele zinazozunguka ni tatu. Nikakuambia ya majaribio ilikuwa na mbili, ndege ikatetemeka, wakaongeza ya tatu. Ulifurahi sana kusikia kwamba hata wao walikosea. Ile ya kwanza nzima ilipochukuliwa, ulitupeleka soko la Burma sisi sote pamoja na Mzee Gathogo, tukala mbavu hadi mafuta yakatufika viwikoni, na wewe ukawa unamweleza mkata nyama mambo ya injini.

Sasa nisikilize. Ukurasa ule ulikuwa na sehemu ya chini ambayo sikukusomea.

Iliandikwa kwamba wepesi huo wote ulikuwa na bei yake. Nyuma ya kiti cha rubani hapakuwa na bamba la chuma la kumkinga. Matangi hayakuwa na utando wa kuziba tundu la risasi, kwa hiyo ndege ikipigwa iliwaka upesi. Adui walipopata ndege zenye nguvu zaidi, vijana wengi walifia ndani yake. Niliyaona maneno hayo, nikakuona wewe na msasa mkononi, uso umeng'aa kama wa bwana harusi. Nikaruka. Ukaniuliza, "Imeisha hapo?" Nikasema imeisha, Baba. Nilidhani nimekufanyia wema.

Ulimi ukishazoea kuruka hauoni shida kuruka tena.

Kikohozi kilipokuja tulikisingizia baridi ya Julai. Miaka thelathini ya vumbi la mti bila hata kitambaa usoni! Nilikuletea barakoa za kutoka kazini, ukazitundika kwenye msumari. "Nikifunga pua sitanusa mti," ukasema. Tulipotoka hospitali na lile faili, niliketi sebuleni na Mama na Shangazi, wewe ukiwa huku kibandani. Nilisoma kwa sauti ya chini, na kila nikinyamaza tulisikia tezo lako. Shangazi akaamua. Mzee asiambiwe, akijua atakata tamaa. Mama akalia ndani ya leso. Hakuna aliyepinga, kwa maana ndivyo ilivyo kwetu. Hata babu hakuambiwa, sijui ni nani katika ukoo wetu aliyewahi kuambiwa. Kisha ukaita, "Mwende, kuja unisomee hiyo karatasi ya daktari."

Nikaja. Nilisimama hapo ulipo ule mlango. Nikasema ni nimonia iliyokaa sana, utameza dawa, utapumzika. Macho yangu yalipita juu ya neno lenyewe, nikaliruka, nikaruka na lililofuata. Ukasema, "Sawa." Ukarudi kwenye ndege.

Miezi saba. Kila jioni tulikula ugali tukitazamana, na mimi nilijisifu moyoni kwamba naubeba mzigo huo peke yangu. Ukaondoka asubuhi moja Mama akikoroga uji, na la mwisho nililokuambia ni kwamba dawa za jioni ziko dirishani.

Jumamosi iliyopita Mzee Gathogo alikuja kuchukua ndege yako ya mwisho, aliyokuwa ameiagiza. Nilikuwa nimejitia kuimalizia msasa. Nilipoinamia kiti cha rubani, yule kijana mdogo uliyemchonga kwa mti, nikaona kitu nyuma yake. Kipande cha mpingo, cheusi, chembamba, upana wa kucha ya kidole gumba. Kimebandikwa. Kwa gundi! Nilidhani kuna mtu ameingia kibandani kuchezea kazi yako, nikapandwa na hasira, nikamwonyesha Mzee Gathogo. Akavaa miwani, akaangalia, halafu akakaa chini kwenye magogo, na mzee wa watu akaanza kufuta macho.

Akaniambia kwamba siku moja ulimfuata Umoja kwa miguu. Ulimuuliza, "Hii ndege iko na kasoro gani? Mwende huwa hanisomei kasoro." Akakueleza yote, kiti kisicho na kinga, matangi yanayowaka, vijana. Akakueleza pia kwamba mwisho mwisho wa vita walikuja kuongeza bamba nyuma ya rubani, wakati maji yameshazidi unga. Anasema ulicheka. Wiki iliyofuata ukarudi, ukatoa karatasi ndani ya shati, ile ya kwenye faili niliyoificha chini ya leso za Mama, ukamwambia, "Basi nisomee na hii."

Akakusomea. Anasema hakujua kwamba sisi tulikuficha. Ukamshukuru, ukaikunja karatasi vizuri ili nisigundue, ukamwomba asiniambie. "Huyo msichana amebeba ya kutosha," ndivyo ulivyosema.

Baba, nimelia, na nilipomaliza kulia nimekasirika. Nimekukasirikia wewe. Ulijua, na ukaniacha kila jioni nikupe uongo wangu pamoja na chai, ukapokea vyote viwili na kusema asante. Sasa naelewa ile safari ya Mwingi uliyosema unaenda kuangalia mbuzi, ukarudi siku ya tatu bila habari ya mbuzi hata mmoja. Ulienda kumuaga ndugu yako. Naelewa kwa nini ulinishikisha tezo, ukanifundisha kulinoa, ukisema eti mikono yako imechoka. Ulikuwa unaaga kila mtu, na mimi uliniaga bila kunipa nafasi ya kukujibu. Lakini ningekulaumu vipi, wakati mlango huo niliufunga mimi kwanza? Mimi nilikukinga, wewe ukanikinga, na katikati hapo hatukuagana. Nilikuwa na mengi ya kukuambia. Nilitaka kukuambia asante kwa karo, na kwamba sikuaibika kamwe na vumbi lako siku za mkutano wa wazazi, hata nilipotembea mbele yako. Niliaibika kidogo, kusema kweli. Nisamehe na hilo.

Mzee Gathogo hakuichukua ndege. Nilimwomba aiache, akasema ingekuwa ya baba yake angefanya vivyo hivyo. Sikukibandua kile kipande cha mpingo. Ulivunja sharti lako la maisha yote kwa ajili ya kijana wa mti asiye hata na uso. Sijui ulikuwa unawaza nini ulipopaka gundi ile, na sitakuja kujua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mazishi yenyewe.

Nimefika hapa nikasikia kandambili za Mama uani. Amesimama mlangoni, ameniuliza naandika nini na siku ya leo si ya kazi. Nimemwambia nakuandikia wewe. Hakushangaa. Ameangalia kigoda, hakunikaripia. Kisha akasema kwa sauti yake ile ya kutuma chumvi dukani: "Msalimie. Na ukimaliza, kuja na hiyo karatasi umeficha kwa mkoba tangu Alhamisi. Unisomee yote, Mwende. Si kama ulivyomsomea babako."

Ameenda kukaa kitandani, ananingoja. Nimesikia akizima redio.

Kwaheri, Baba. Leo ndiyo nakuaga, ingawa nimechelewa. Shangazi atanuna, atanuna hadi Krismasi, wacha anune. Nakuahidi nitasoma kuanzia jina lake juu hadi sahihi ya daktari chini, na nikifika kwenye lile neno sitaliruka. Naenda.

Binti yako,
Mwende