MFADHILI WA MIGUU: AANDIKWE AU ASIANDIKWE

Kumbukumbu za kikao cha Kamati ya Chama cha Kuwafaa Askari Wastaafu, kilichofanyika Jumamosi tarehe 14 katika karakana ya miguu ya bandia, kwa kuwa ukumbi wa kawaida ulikuwa umekodishwa kwa darasa la ushonaji.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, muuguzi mstaafu
2. Mweka Hazina, aliyekuwa karani wa posta
3. Sajenti, mwakilishi wa askari wastaafu
4. Fundi wa miguu, mwalikwa na mwenye karakana
5. Katibu, aliyekuwa mpiga chapa wa mahakama

ASIYEHUDHURIA
Makamu Mwenyekiti. Hakutoa udhuru. Hajatoa tangu achaguliwe.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne na robo asubuhi, akamwomba Fundi azime mashine ili watu wasikilizane. Viti vilikuwa vinne, hivyo Fundi alikalia kreti.

KUMB. NA. 2: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilithibitishwa. Mweka Hazina alitaka neno "alifoka", lililomhusu yeye, libadilishwe liwe "alieleza". Katibu alijibu kwamba alikuwepo na masikio yake ni mazima. Mwenyekiti aliamua liandikwe "alieleza kwa sauti". Pande zote ziliridhika, au angalau zilinyamaza.

KUMB. NA. 3: AGIZO LA MSAJILI WA VYAMA
Mwenyekiti alieleza kwamba Msajili ameagiza kila msaada wa askari wastaafu uandikwe katika daftari la wazi pamoja na jina la mtoaji, na mwananchi yeyote aruhusiwe kulisoma. Misaada yote ya chama ina majina isipokuwa mmoja. Tangu karakana ifunguliwe, mtu asiyetajwa amekuwa akilipia miguu ya bandia moja kwa moja kwa Fundi, na chama kimekuwa kikiandika "Mfadhili" tu. Msajili amesema hakuna mguu utakaotoka tena mpaka jina lipatikane.

Sajenti alieleza kwamba wastaafu wanne wameshapimwa na miguu yao iko tayari. Aliwaonyesha wajumbe: ilikuwa imetundikwa ukutani, juu ya kichwa cha Mwenyekiti. Mmoja ni wa mstaafu aliyekuwa dereva wa lori la jeshi, ambaye binti yake anaolewa mwezi ujao, na ameapa kwamba hataingia ukumbini kwa magongo.

KUMB. NA. 4: MJADALA
Mweka Hazina alisema jina litajwe. Alikumbusha kwamba yeye amelidai jina hilo tangu mwanzo, na kwamba ni Katibu aliyempinga kila mara. Katibu alikiri. Mweka Hazina aliendelea kwamba mtaani wanasema mfadhili huyo hayupo, ila yeye Mweka Hazina na Fundi wanapika hesabu. Mke wake ameulizwa saluni, mbele za watu, viatu vyake vipya vimetokana na pesa za mguu gani. Aliomba maneno yake yaandikwe yalivyo:

"Mimi nimeuza stempu mpaka nimestaafu, hata gundi ya serikali sijabeba nyumbani. Leo naitwa mwizi kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Asipotajwa, naachia ngazi."

Fundi aliulizwa kama anamjua mfadhili. Alisema anamjua, lakini aliahidi kunyamaza. "Hapa kwangu watu wazima wanavua suruali na kulia. Nikimwaga siri ya mmoja, nani ataniletea tena kigutu chake nikipime?" Alisema hayo akitazama sakafu.

Katibu alishauri kwamba huenda mtoaji ana sababu zake na sheria iangaliwe vizuri. Mweka Hazina aliguna. Mguno umeandikwa kwa kuwa ulisikika na wote.

Sajenti alisema wastaafu nao wanataka jina, kwa sababu nyingine. Kwa desturi ya chama, mfadhili akishatajwa, wastaafu huenda kwake Jumapili, hujipanga uani kwa vyeo na kumpigia saluti. Mwenye duka la mabati alipigiwa mwaka jana na mpaka leo hajaacha kuwasimulia wateja. "Mtu amekuvalisha mguu, halafu mnapishana njiani humjui? Inatuuma, Mwenyekiti. Hatuna cha kumpa. Saluti tu."

Katibu aliuliza kama saluti hiyo ni lazima. Sajenti alijibu kwamba kwa askari ni lazima.

Mwenyekiti alipendekeza, kwa masikitiko, kwamba kwa kuwa jina halipatikani, Mweka Hazina akae pembeni mpaka uchunguzi ufanyike. Mweka Hazina alianza kukusanya miwani, kofia na kalamu zake. Kofia ilimponyoka mara mbili. Katibu, ambaye hajawahi kumwonea huruma ndugu huyu, alimwonea huruma.

Katibu aliomba nafasi ya kuzungumza. Kwa kuwa hawezi kusema na kuandika kwa wakati mmoja, alimkabidhi Mwenyekiti kalamu.

(Hapa naandika mimi Mwenyekiti. Mwandiko mnivumilie.)

Katibu anasema ni yeye. Nimemuuliza, wewe ndiye nini, mama? Anasema ndiye anayelipia miguu. Fundi amejifuta uso kwa kitambaa cha grisi. Katibu anasema haya, naandika ninayowahi:

"Mwanangu alikuwa koplo. Alikwenda na hawa. Hawa wakarudi. Serikali inanipa pesa zake kila mwezi, na mimi siwezi kuzinunulia sukari, zinanikaba hapa kooni. Nikaona bora ziende kwa wenzake. Sina kinyongo nao, kweli tena, nafurahi walivyorudi. Lakini wakija kujipanga uani kwangu, najijua. Nitawaangalia mmoja mmoja mpaka mwisho wa mstari. Nitakuwa namtafuta. Sasa wakishaondoka nitaingiaje ndani? Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Na huyu ndugu yetu asiondoke, hajala hata senti."

Mweka Hazina ameweka kofia mezani. Sajenti amesimama wima, kisha amekaa. Mimi ni muuguzi, nimezoea, lakini leo nimeshindwa. Namrudishia Katibu kalamu.

(Anaendelea Katibu.)

KUMB. NA. 5: MAAMUZI
Iliamuliwa kwamba jina liandikwe katika daftari la wazi kama sheria inavyotaka, na miguu minne itolewe Jumatatu. Mweka Hazina aendelee na wadhifa wake. Mweka Hazina alitoa hoja kwamba jina lifichwe, na akaitetea kwa nguvu zote. Alishindwa kwa kura.

Kuhusu desturi ya saluti, Sajenti alisema: "Mama Katibu, hatuji. Nitawaambia vijana wangu wote, na mzee yeyote atakayesogelea geti lako atanijua. Siku ukituita tutakuja. Usipotuita, hatuji." Katibu alishukuru.

KUMB. NA. 6: KUJAZA FOMU YA MSAJILI
Iliamuliwa fomu ijazwe hapo hapo, na Mweka Hazina aijaze kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Alijaza jina, anwani na aina ya msaada. Alipofika palipoandikwa "Uhusiano wa mtoaji na wanaosaidiwa", alieleza kwamba Msajili huuliza hivyo ili ajue kama mtoaji anawapendelea jamaa zake, na kwamba hairuhusiwi kupaacha wazi. Katibu alimwambia aandike "hakuna".

Mweka Hazina aliinamisha kalamu. Sajenti alimshika mkono.

"Andika 'mama'," alisema.

Mweka Hazina alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Fundi aliunga mkono. Iliandikwa hivyo.

Katibu, aliyefanya kazi mahakamani na anayejua ni kosa gani kutoa maelezo yasiyo ya kweli katika hati ya umma, hakupinga.

KUMB. NA. 7: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa sita kasorobo.

................................
MWENYEKITI

................................
KATIBU