Maji ya Mtaro kwenye Mguu wa Baba Fadhili

Jumamosi, 12 Oktoba 2002

Ayoubu amepigwa risasi. Mguu wa kushoto, chini ya goti. Alikuwa anatoka mtoni na ndoo ya maji. Hatuna hata mwezi tangu harusi! Hospitali haina dawa, muuguzi amesafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Nimelia mpaka kamasi. Yeye ananicheka: "Latifa, punguza kulia, watu watasema nimekufa."

Jumatano, 16 Oktoba 2002

Homa imeshuka. Mguu utabaki. Anataka nimletee mashini yake ya kushona kando ya kitanda, aiangalie tu. Mwanaume huyu ana kichaa. Nampenda.

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimekuta daftari hili chini ya sanduku la nguo. Panya wamekula pembe, kurasa nyingi ziko nyeupe. Basi naendelea.

Miaka ishirini na miwili! Kidonda kinafunga, kinafunguka. Tumezaa watoto wanne, kuanzia Fadhili, Ayoubu sasa ni Baba Fadhili, na usaha uko palepale. Ayoubu bado fundi nguo, bado anakanyaga mashini kwa mguu uleule, bado hataki kuambiwa pumzika. Lakini safari hii mfupa umeoza vibaya. Vidonge vyote, sindano zote — labo ya Kinshasa, wanakopima usaha, imeandika kwamba mikrobi wake, vijidudu vya ugonjwa, wamezoea kila antibiotiki. Daktari wa kupasua amesema tarehe 18 Agosti. Pasipokuwa na nafuu, anakata juu ya goti.

Fundi bila mguu atakanyaga nini?

Dokta Bernadette, yule kijana anayecheka sana, ana wazo lingine. Kuna virusi ambavyo havimgusi mtu, vinakula mikrobi tu. Kila mikrobi ana kirusi chake. Tukipata cha huyu wetu, tunakitia kwenye kidonda. Nimemuuliza vinauzwa wapi. Ameniambia haviuzwi, vinatafutwa mahali ambapo mikrobi wenyewe wamejaa. Yaani kwenye uchafu.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Leo nimechota uchafu. Mimi, Latifa, ninayefua hata vitambaa vya kudekia! Chupa sita: mtaro wa nyuma ya hospitali, mfereji wa mtaa wa Mikelenge, shimo la karibu na machinjio. Bibiche jirani amenikuta nimeinama mtaroni na kijiko. Ameuliza kama nimepoteza pete. Nimesema natafuta dawa ya mume. Ameondoka mbio, nadhani kesho mtaa mzima utajua nimeanza uchawi.

Chupa zimekwenda na ndege, pamoja na usaha wa Baba Fadhili. Vyote vimesafiri Kinshasa kabla yangu.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wamekipata kirusi! Chupa ya tatu, mfereji wa Mikelenge. Labo imekizalisha, imekichuja mara nyingi, imerudisha vichupa kumi vidogo. Maji meupe, hayana hata harufu. Dokta anavitunza kwenye baridi.

Kosa langu: nilipofurahi nikamwambia mume kimetoka wapi. Aliacha kula. "Maji ya mutaro njo munataka kutia mu mufupa yangu? Na nitasali namna gani?"

Nikasema hapana maji, ni ile kitu yenye iko inakula mikrobi. Hakusikia. Nimekwenda kwa shehe Soudi wa msikiti wetu. Amesikiliza yote, ameuliza kimechujwa mara ngapi, kisha amesema dawa ni dawa, mgonjwa atibiwe. Baba Fadhili amekubali — kwa midomo.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Kichupa cha kwanza. Dokta amekimimina polepole kwa mrija mwembamba mpaka kwenye mfupa, akafunga bandeji. Amesema isifunguliwe hadi kesho. Baba Fadhili amefumba macho kama mtoto anayenyweshwa kwinini. Nimemshika sikio, anapenda.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Vichupa sita. Hakuna kitu. Usaha uleule, harufu ileile, na kidonda kimekuwa chekundu pembeni, kama kimechomwa. Dokta hacheki tena. Anasema kwenye labo virusi hivi vilimmaliza mikrobi kwa usiku mmoja. Haelewi.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Sasa naelewa mimi.

Nimerudi sokoni mapema, mvua. Dokta alikuwa ameshaweka kichupa cha saba na kuondoka. Nakuta yaya Zainabu, dada mkubwa wa mume wangu, amepiga magoti, bandeji iko chini, anaosha kidonda kwa maji ya javeli. Javeli! Ile ya kuoshea choo! Kumbe kila siku kabla ya adhuhuri, mimi nikiwa sokoni. Na mume wangu amenyoosha mguu, anamsaidia kushika beseni!

Nimepiga kelele. Yaya analia: "Nilikuwa nataka tu yeye asali mwili yake iko safi." Na mume wangu je? Alifikiri saa moja inatosha, dawa imeshaingia ndani.

Vichupa saba. Tumeviua sisi wenyewe, kwa usafi wetu.

Nilitaka kukaa siku nzima bila kusema naye. Nimeshindwa kabla ya alasiri. Aliniita akasema hakuogopa kisu, aliogopa kusimama mbele ya Mungu akiwa na mfereji mwilini. Na aliona haya kuniambia, kwa sababu nilichota kwa mikono yangu. Nimekasirika na nimempenda zaidi, yote kwa pamoja, na inachosha.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Dokta amesikia, amekaa chini, halafu amecheka mpaka machozi. Kisha ameacha kucheka. Vimebaki vitatu. Kesho, keshokutwa, Jumamosi. Shehe Soudi amekuja mwenyewe, amemwambia Baba Fadhili aendelee kusali na bandeji yake, aliye mgonjwa ana ruhusa. Yaya Zainabu amebeba chupa ya javeli kwenda nayo kwake.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Cha mwisho kimeingia. Bandeji ya jana ilikuwa na doa dogo kuliko la juzi. Au naona ninavyotaka kuona? Nimenusa mara mbili. Sijui, pua yangu imezoea miaka mingi mno.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Saa moja na nusu asubuhi. Saa tatu daktari wa kupasua anaangalia mguu na kuamua.

Nilikuwa natafuta suruali safi ya kumvalisha. Nimekuta mpya, ya kahawia, chini ya nguo za shule anazoshona. Mguu wa kushoto umekunjwa ndani na kushonwa, unaishia juu ya goti. Mshono mzuri, ule wake mdogomdogo. Ameishona wiki iliyopita, anasema, wakati wa javeli. Hakutaka nije nihangaike kukunja.

Nimekaa mlangoni, nimeanza kufumua mshono huo kwa meno. Amenisogezea wembe wake: "Pole pole, Mama Fadhili. Usikate kitambaa."

Simu — dokta Bernadette ameshafika hospitalini, anauliza tuko wapi. Nimemwambia tunakuja. Bado nyuzi za upande wa nyuma —