Walisaini Mahudhurio, Nikaandika Wameridhia

Mama Severa, shikamoo. Sijawahi kuandika gazetini, na barua hii nimeianza mara nne, karatasi tatu nikazichana vipande vidogo na kuvitupa kwenye mapipa tofauti, ndivyo nilivyo na woga siku hizi, kwa hiyo nakuomba usichapishe jina langu wala jengo ninalofanyia kazi, sema tu ni ghorofa mojawapo la Kariakoo, yako mengi.

Nina miaka ishirini na sita, ni karani katika ofisi ya watu binafsi inayoandika ripoti za mazingira. Mtu akitaka kujenga kitu kikubwa inatakiwa ichunguzwe kwanza kitamdhuru nani, na majirani waulizwe, na sisi ndio tunaokwenda kuwauliza. Mwaka huu alikuja mfanyabiashara anayetaka kujaza kifusi kwenye eneo la chini kule upande wa bonde la Jangwani, ajenge ghala na maegesho ya malori ya makontena kutoka bandarini, na kifusi chenyewe hakina shida kupatikana, maana nyumba za zamani za Kariakoo zinavunjwa kila siku zipandishwe ghorofa. Shida ni kwamba eneo lile ndipo maji ya mvua yanapotulia, na likijazwa maji yatahamia kwenye nyumba za upande wa pili, na moja ya nyumba hizo ni ya Bi Badria.

Bi Badria hakunizaa. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, na yeye, jirani tu, Mwislamu wa hapa hapa pwani, akanichukua mimi Mkristo wa Moshi akanilea mpaka nikamaliza chuo, na kila Krismasi alinishonea gauni kwa mkono wake, akinihimiza niwahi misa. Sasa nimepanga chumba changu, lakini Jumapili nakula kwake.

Mkutano wa wakazi ulifanyika Jumamosi moja kwenye darasa la shule ya msingi. Desturi ya mikutano yetu unaijua, Mama: mlangoni pana karatasi za mahudhurio, unaandika jina na namba ya simu, unasaini, ndipo unapewa soda na sambusa mbili. Aliyeshika karatasi na kalamu nilikuwa mimi. Mzee Fikirini, fundi baiskeli wa mtaa ule, alinitania, "Binti, ya baridi ni kwa wenye saini nzuri tu, au hata sisi wa kuchorachora?" Watu wakacheka. Bi Badria macho yake yana mtoto wa jicho, haoni mstari, kwa hiyo akanipa kidole gumba, nikakishika mimi mwenyewe, nikakibonyeza kwenye wino kisha kwenye karatasi, akajifuta kwa kanga akasema, "Haya, na mimi nimehudhuria."

Ndani hakuna hata mmoja aliyekubali. Bi Badria alisimama akauliza, "Hayo maji mnayoyafukuza huko yatakuja kulala wapi? Kitandani kwangu?" Mzee Fikirini akasema mwaka ule wa mafuriko alikaa juu ya bati na jogoo wake tangu alfajiri mpaka adhuhuri, jogoo akafa kwa baridi, yeye akabaki, na safari hii hata bati limeshaoza. Niliandika yote kwenye daftari langu, kurasa nne, sikuacha neno.

Jumatatu iliyofuata bosi wangu, nimwite Leodegar, aliniita. "Muhtasari wako mzuri, binti, ila mrefu. Wanaosoma huko juu hawana muda." Akaniambia niziweke zile karatasi za saini nyuma ya ukurasa mpya wenye kichwa kisemacho Orodha ya Wakazi Walioridhia Mradi. Nikamwambia, "Lakini bosi, hawakuridhia." Hakukasirika, alicheka, na kicheko kile ndicho kilichonitisha. "Wamekuja, wamekunywa, wamesaini. Unadhani ripoti nyingine zinaandikwaje?" Kisha akaniuliza kwa upole kama mkataba wangu unaisha Juni au Julai.

Nikakichapa kichwa hicho, Mama, nikaziambatisha karatasi. Majina hamsini na matatu. Haikuchukua hata dakika kumi.

Sasa malori yameanza kumwaga kifusi hata kibali hakijatoka, na masika yameingia. Wiki iliyopita mvua ya mchana mmoja tu ilileta maji mpaka kizingitini kwa Bi Badria, nikamkuta ameinua godoro juu ya matofali. Kwenye ubao wa serikali ya mtaa pana tangazo kwamba mwenye pingamizi aandike kabla ya tarehe ishirini, na majirani walitaka kuandika, lakini yeye ndiye anayewatuliza, nimemsikia kwa masikio yangu: "Msihangaike. Mtoto wetu yuko ofisi ile ile, aliandika kila tulichosema, nilikuwa nasikia kalamu yake." Kwa hiyo hawajaandika. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali aliyonipakulia.

Daftari langu ninalo bado. Nikisema, kazi imekwisha, na Leodegar ameshanikumbusha kwamba aliyechapa ni mimi, yeye jina lake halipo mahali popote, na ninaogopa kushtakiwa. Wakati mwingine najiambia pengine mvua za mwaka huu zitakuwa ndogo. Wakati mwingine nafikiri nilitume daftari kwa posta bila jina. Nifanyeje ili nyumba zile zipone na Bi Badria asijue ni mimi?

Karani, Kariakoo

*

Marahaba, mwanangu.

Jina lako limebaki kwangu, na majina mengine nimeyabadilisha. Lakini usijidanganye, bosi wako akilisoma gazeti hili atajua, kwa hiyo muda wa kujificha umepita. Na muda wenyewe ni mfupi: bahasha yako ina muhuri wa posta wa tarehe tatu, imenifikia tarehe kumi na moja, na leo unaposoma ni tarehe kumi na nne. Zimebaki siku sita.

Nakuonea huruma. Najua ilivyo ngumu kupata kazi mjini hapa, na najua sauti ya bosi anayeuliza kwa upole mkataba unaisha lini. Ulitishwa, na aliyekutisha anajua kazi yake. Hilo nalikubali.

Ila swali lako la mwisho limenikera. Unataka nyumba zipone na Bi Badria asijue. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja, na wewe uliyesoma unalijua hilo, ndiyo maana ukachana karatasi tatu. Watu wale hawaandiki pingamizi kwa sababu moja tu: mama aliyekulea amewahakikishia kwamba ulishawaandikia. Kila siku unayonyamaza, yeye anakusaidia kuwazamisha, na hajui. Unaweza kulituma daftari bila jina kokote utakakopenda. Huko litakuwa daftari la mtu asiyejulikana, na mtaani kwenu watu wataendelea kukaa kimya kwa imani yao kwako.

Nenda kwake leo hii. Usipeleke zawadi. Mwambie kabla hajakutengea chakula, maana ukishakula utaahirisha. Mwambie kichwa cha karatasi kilisemaje na aliyekichapa ni nani, halafu nyamaza umwache aseme. Huenda akakufukuza. Huenda asikutazame tena Jumapili nyingi. Sina dawa ya hilo, na sitakuahidi.

Kisha nenda kwa Mzee Fikirini, mtu wa utani kama yule anajua mlango wa kila mtu. Wakazi waandike barua ya pingamizi iseme wazi: tulisaini mahudhurio, hatukuridhia. Wasisaini karatasi tupu hata moja. Kila ukurasa uwe na kichwa cha habari juu, na namba. Barua ipelekwe na watu wengi kwa pamoja, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo ikae kwao, isikae kwako.

Wewe binafsi, usichukue jalada la ofisi, maana hapo ndipo watakapokushika. Daftari ulilolishika siku ile lipige picha, ukurasa kwa ukurasa, picha mpe mtu unayemwamini. Tafuta wanasheria wanaosaidia bila malipo, wapo mjini, na kesho asubuhi uwe mlangoni kwao kabla hujaandika maelezo yoyote ya maandishi kwa mtu yeyote. Waambie kwanza ulichofanya, ndipo useme ulichoamrishwa, kwa mpangilio huo. Mtu anayejitokeza mwenyewe husikilizwa tofauti na anayekamatwa.

Kazi hiyo utaipoteza, jiandae. Na huenda kibali kikatoka hata hivyo. Nimeishi mji huu miaka mingi, nimeona mabonde mangapi yakijazwa huku watu wakiwa na barua zenye mihuri mikononi. Mvua ndogo unayoiombea haipo mikononi mwako. Kilicho mikononi mwako ni jambo moja.

Kidole cha Bi Badria ulikishika wewe ukakibonyeza, na yeye haoni mstari. Pingamizi likishaandikwa, likiwa na nafasi ya jina lake, keti naye. Msomee kwa sauti mwanzo mpaka mwisho, umsomee mara mbili akitaka, na akikuuliza neno lolote mweleze. Kisha subiri. Kama atakupa kidole chake tena, kishike. Kama atamwita mwingine aje kukishika, msogezee wino.

Mama Severa