Kocha wa Kaka Mhina

Korogwe, 9 Februari 2024

Kaka yangu Mhina,

Shikamoo. Mimi mdogo wako ni mzima, ila magoti yananisumbua kwa kusimama jikoni mgahawani kutwa nzima. Je, wewe? Kidonda cha shingo kimekauka? Wifi na Husna hawajambo?

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Handeni pamoja na mfuko wa bamia kavu. Najua tangu upigwe mionzi mate yamekuwa haba, na mlenda ndio unaoteleza.

Kaka, hii ni wiki ya saba tangu turudi kutoka hospitali Dar es Salaam. Madaktari walisema saratani yote ya koo imetoka, sauti imeondoka nayo, lakini utaishi. Miezi mitatu nilikaa pembeni ya kitanda chako nikiomba neno hilo moja tu. Sasa wifi ananiambia kwenye simu kwamba hutoki. Wageni wakija kukujulia hali unajifungia chumba cha uani, na chakula unaletewa hukohuko kama mwali. Wewe, dalali wa mnada wa ng'ombe ambaye ukinadi watu walikusikia tangu barabarani!

Hapa mgahawani huja mama mmoja, Agripina, Msambaa wa Lushoto. Yeye mwenyewe aliugua saratani ya titi akapona, kisha akasomea kazi ya kocha wa maisha. Hukaa na watu waliomaliza matibabu akawasaidia kujipanga upya. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, huwa Handeni mjini. Nimekwisha kukuandikisha. Usinikasirikie kabla hujamwona.

Mdogo wako,
Hajira


Kwaluguru, 25 Februari 2024

Hajira mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Jua ni kali, mahindi yamejikunja majani. Bamia nimezipata, ahsante. Husna anasema ningekuandikia kwa simu, lakini herufi zake ndogo na vidole vyangu havipatani. Acha nitumie kalamu.

Kocha! Nilimwandikia Husna kwenye karatasi: "Shangazi yako anataka nicheze namba ngapi?" Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu nirudi sikuwa nimemsikia akicheka. Kwa ajili ya kicheko kile nikafunga skafu kufunika tundu la kupumulia shingoni, nikapanda bodaboda, nikafika mjini nimejaa vumbi na hasira.

Mama mwenyewe ni mfupi, mtulivu. Alinipa daftari na kalamu. "Mimi si daktari," alisema, "si mganga, wala sikupi mawaidha. Kliniki yako usiiache. Kazi yangu ni kuuliza, yako ni kujibu. Unataka nini?"

Nikaandika: SAUTI.

Akasoma. Hakunihurumia hata kidogo. "Hiyo sina. Kingine?"

Wote waliokuja kunipa pole, hakuna aliyewahi kuniuliza kingine. Basi akanichoresha duara kubwa kama ungo, tukaligawa vipande: ibada, kazi, mwili, ndoa, watoto, marafiki. Kila kipande nikipake rangi kadiri ninavyoona kimejaa. Ibada nilijaza nusu. Watoto, zaidi kidogo. Ndoa sikugusa. Aliona, akafungua ukurasa mwingine.

Mwisho akataka nichague jambo moja la kufanya ndani ya wiki mbili, dogo kiasi kwamba nitaona haya nikilishindwa. Nimechagua kula chakula cha jioni mkekani na mama Husna. "Mara ngapi?" akauliza. Mara mbili, nikaandika.

Hasira bado ninayo. Lakini nitarudi.

Kaka yako,
Mhina


Kwaluguru, 18 Machi 2024

Hajira,

Ramadhani njema. Daktari amenikataza kufunga mwaka huu, ila futari nakaa nao. Hesabu yangu kwa kocha imekwenda vizuri: nilisema mara mbili, nimekula na wifi yako mara tano. Siku ya kwanza kikohozi kilinitoka kwa tundu mbele ya chakula. Nilitaka kuinuka. Yeye akanisogezea bakuli la uji, akaendelea kunisimulia habari za kuku wake.

Sasa kuna jambo. Imekuja posa ya Husna. Kijana ni Muhsin wa Kwedizinga, mwalimu wa shule ya msingi, ana adabu. Ndoa itakuwa Septemba. Unajua siku hiyo baba hushika mkono wa mkwe akatamka maneno ya kuozesha. Nitatamka nini? Nimeamua mdogo wetu Mustafa asimame badala yangu, nami nikae nyuma ya nyumba na wapishi.

Nikwambie kitu ambacho sijamwandikia mtu mwingine. Siku wazee wa Muhsin walipokaa barazani wakanisalimu, nami nikawajibu kwa kutikisa kichwa, nilitamani ningebaki palepale kwenye meza ya upasuaji. Afadhali Husna awe na baba marehemu anayekumbukwa kwa sauti yake, kuliko baba aliye hai anayekoroma kwa shingo mbele ya wakwe.

Hili ni lako peke yako.

Kaka yako,
Mhina


Kwaluguru, 5 Aprili 2024

Hajira,

Jana Agripina aliniuliza kama bado natamani kubaki kwenye meza ya upasuaji. Maneno hayo niliyaandika mahali pamoja tu. Niliinuka nikaondoka kabla hajamaliza.

Barua yangu umeinadi. Usiniandikie tena.

Mhina


Korogwe, 13 Aprili 2024

Kaka Mhina,

Shikamoo, hata kama hutaniitikia. Idi imepita bila salamu yako, na pilau niliyopika nimeigawa yote.

Ni kweli. Nilipofika kwenye maneno yale niliacha sufuria mekoni. Nilitoka na aproni yangu, nikamkimbilia Agripina, nikamwekea barua mkononi. Alisoma mistari miwili, akaikunja. "Kaka yako anajua kwamba umeniletea?" Nikasema hajui. "Basi usiniletee tena barua ya mtu," akasema. "Lakini neno hili siwezi kulifumbia macho. Nitamuuliza, na nitamwambia nimelipata kwako." Nadhani hukumpa nafasi ya kukwambia.

Kosa ni langu, si lake. Ningepanda basi nije nikae na wewe. Lakini kaka, kwa miezi mitatu nilikufuta, nikakulisha kwa mpira, nikakulinda usingizini, hadi nikasahau kwamba wewe ni kaka yangu, nikakufanya mgonjwa wangu. Nisamehe. Na kama lile tamanio bado lipo, mwambie mtu. Si lazima niwe mimi.

Mdogo wako,
Hajira


Korogwe, 2 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimesikia kwa Husna kwamba mvua zimewafikia na mahindi yamejitahidi. Amesema pia Alhamisi nne za kocha hukuonekana mjini. Sitauliza kitu. Nimekuletea bamia tu.

Hajira wako


Kwaluguru, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Hajira,

Marahaba, mbili kwa pamoja. Magoti yako yanaendeleaje? Nimesoma upya barua zako nikaona tangu Februari uliniambia yanauma, na sikukuuliza hata mara moja.

Nikueleze ilivyokuwa. Baada ya ugomvi wetu nilirudi chumba cha uani. Agripina hakunifuata. Alimtumia Husna ujumbe mmoja: "Kiti cha baba kipo." Mimi nikaona vema kiendelee kuwa kitupu.

Siku moja mama Husna aliingia kufagia, akalikuta daftari langu limefunguka kwenye lile duara. Akaliangalia weee. Kisha akatoka, akarudi na penseli, akaketi sakafuni, akapaka robo ya kipande cha ndoa.

"Hiki si chako peke yako," akaniambia. "Umekiacha kitupu, mimi umeniuliza? Miezi yote hii nimekaa eda ya mtu anayepumua."

Hajira, nililia. Kilio changu siku hizi hakina sauti, ni pumzi tu inayopiga mluzi shingoni. Alikaa hapo hadi kikaisha. Tangu siku ile nimehama chumba cha uani.

Niliporudi mjini nilimwandikia Agripina: samahani. Akasema samahani ameipokea, kisha akaniuliza lile swali lilelile la meza ya upasuaji. Safari hii nilijibu. Tamanio hilo huja, haliji kila siku, na likija namwambia mke wangu, naye ameahidi kunipeleka kliniki nikishindwa kulibeba. Ndipo Agripina akauliza: "Siku ya ndoa ya Husna unataka uwe wapi?"

Nikaandika: mbele.

"Ili ufike mbele, uanze wapi?"

Nimeanza kwa sheikh. Nimeanza pia kwenda mnadani, nasimama upande ambao upepo hauleti vumbi. Mara ya kwanza watu walinikodolea macho. Mara ya tatu wakaanza kuniuliza ng'ombe yupi ana afya, nami nawaonyesha kwa fimbo.

Wewe ulikosea. Nami nilikosea kukutwika mzigo ule halafu nikakufunga mdomo. Yaishe. Septemba uje mapema.

Kaka yako,
Mhina


Korogwe, 17 Septemba 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, sauti imenikauka kwa vigelegele. Bi harusi wetu alipendeza, mashallah.

Lakini unanidai simulizi, au mimi ndiye ninayekudai! Sisi wanawake tulikuwa ndani na Husna. Tulisikia sheikh anasoma, kisha kimya, kisha kikohozi chako, kisha kimya kingine kirefu. Husna alinikamata mkono hadi kucha zikaingia. Halafu tukasikia wanaume wote wanapaza takbiri. Kulitokea nini barazani? Mustafa nikimuuliza anafuta macho tu.

Mdogo wako,
Hajira


Kwaluguru, 6 Oktoba 2024

Hajira mpenzi,

Marahaba. Nyumba imekuwa kubwa ghafla bila Husna, lakini tuna afya. Nimechelewa kujibu, utaona kwa nini.

Sheikh alikuwa amenitoa hofu mapema. "Mzee Mhina, ishara ya asiyeweza kusema, ikieleweka, ni kauli yake. Andika, mimi nitasoma, wewe utathibitisha." Basi niliandika kwa mkono wangu. Nilimshika Muhsin mkono. Sheikh alisoma sentensi ya kwanza, akanitazama, nikainamisha kichwa. Alipofika penye jina la Husna, kikohozi kikanijia. Kikatoka kwa nguvu, skafu ikafunguka, tundu likawa wazi mbele ya wakwe na majirani wote. Mustafa akainuka ashike nafasi yangu. Nikataka kuuondoa mkono nijifunike.

Muhsin hakuuachia. Akaubana, akanisubiri. Nikapumua. Sheikh akarudia jina la binti yangu, nikainamisha kichwa tena. Muhsin akajibu, "Nimekubali kumuoa," na alipojibu hakumtazama sheikh, alinitazama mimi. Hicho ndicho kimya mlichokisikia.

Wiki iliyopita Agripina aliniuliza kama ningependa kumwona mtu. Ni mkulima wa Kwedizinga anaitwa Fransisko, ana ugonjwa uleule wa koo. Hospitali wamempangia tarehe ya upasuaji naye amekataa, na mkewe Yuditha ndiye aliyeomba niende. Nilikwenda jana.

Nilimkuta amekaa juu ya gunia la kunde, sauti inakwaruza kama yangu ya mwaka jana. Alinitazama shingo muda mrefu.

"Ukishakuwa hivyo," akauliza, "unaishije?"

Nikalitoa daftari. Sikutaka kumdanganya, nikaandika ukurasa mzima. Kwamba naamka, nasafisha tundu kwa kitambaa na maji yaliyochemshwa. Kwamba harufu ya chakula siipati vizuri. Mke wangu ananihadithia ndoto zake asubuhi na siwezi kumkatiza, anasema ndoa imenoga. Kwamba kuna siku hasira inanijaa na siwezi hata kupiga kelele. Naswali, naenda mnadani, nachagua ng'ombe. Mwezi uliopita nilimuozesha binti yangu.

Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alipomaliza akaanza tena kutoka juu. Kisha akalifunga daftari, akaita kuelekea jikoni:

"Yuditha! Ile karatasi ya hospitali umeiweka wapi?"

Kaka yako,
Mhina