Yule Aliyenunua Ngamia Kipofu

Isiolo, Jumanne

Na bado nacheka peke yangu, wallahi.

Leo mwalimu wa ngumbaru, darasa letu la watu wazima, alitaka tuunganishe sentensi mbili za Kiingereza kwa ile "who" yake. Mimi nilichemsha, nikakaa. Mke wangu Halima alikuwa ameapa kwamba akikosea tena leo, anaacha masomo. Niliogopa. Akiacha, nani ataninong'onezea majibu?

"Mama, tuambie kuhusu mzee wako," mwalimu akasema.

Halima akasimama, akarekebisha mtandio, Kiingereza kikatiririka: mtu aliyenunua ngamia kipofu kule Oldonyiro ni mume wangu. Mtu anayekoroma kama lori ni mume wangu. Mtu aliyerudi kutoka msikitini na viatu vya wenyewe...

"Inatosha, mama!" Mwalimu alikuwa anafuta machozi. "Umejifunzia wapi?"

"Sisi Waborana mke hatamki jina la mume. Miaka arobaini namwita 'yule ambaye...'"

Nilipiga makofi kuliko wote.

Njiani nikamuuliza kama ataacha. "Niache na bado sijamaliza makosa yako?"

Hakuna mzee Isiolo hii aliyewahi kusemwa kwa Kiingereza safi namna ile.